Kunde za Bibi na Dakika Moja ya Kimya

Jamani wenzangu, leo nimeaibika. Si aibu ya mtaani, ile ya kuvaa dera ndani nje ukashtukia uko sokoni. Nimeaibika kitaifa, kwa kipaza sauti, na picha zipo.

Nianze mwanzo. Nchi inakusanya habari za mbegu za asili: nani anayo ipi, inaota wapi, anaihifadhi vipi, ili mkulima wa mkoa mwingine au mtafiti akiihitaji ajue pa kuulizia. Bwana shamba wetu hapa Ruaruke, Kasimu, alipita nyumbani akaziona kunde za bibi yangu. Tunaziita kunde chui kwa ajili ya madoadoa yake. Unazipanda bondeni maji ya mafuriko yakishuka, na kabla tope halijakauka sawasawa umeshaanza kuchuma. Kasimu akasema hajaziona kwingine kokote. Na kweli, mafuriko yaliyopita yaliondoka na mashamba ya watu, mbegu zikabaki kwetu tu. Nyumba yetu ikiungua, ndiyo basi.

Kwa hiyo tukaitwa mkutanoni, Kibiti mjini. Ukumbini tupo wakulima wa wilaya, na kwenye skrini kubwa wapo wataalamu wa mbegu wa taifa pamoja na wakulima wa mikoa mingine. Kila mtu anaeleza mbegu yake, inaandikwa, na kiasi kidogo kinachukuliwa kwenda kuhifadhiwa. Bibi magoti yanamsumbua, kazi ya kusema nikapewa mimi. (Wanaoujua mdomo wangu hawakushangaa.)

Sasa, bibi yangu, Bi Mwanaidi, huweka mbegu kwenye kopo la plastiki. Anazichanganya na majivu na pilipili kichaa iliyokaushwa ikatwangwa mpaka ikawa vumbi. Mdudu hasogei. Akanikabidhi kopo, akaniambia:

"Mke mwenzangu, kabla hujaingia kwa wakubwa, zipepete nje. Majivu yaishie huko huko."

"Sawa, bibi."

Sikuzipepeta. Wala sikusahau. Nilikaa nyuma ya bodaboda nikawaza: hawa watu wanataka kujua tunahifadhi vipi, basi wazione zilivyo, na majivu yake. Nikaona nimewaza jambo la maana sana. (Kuna siku akili inakuja kukusalimia tu, haikai.)

Ukumbi umejaa na joto ni la kukamua nguo. Mbele kabisa kakaa mgeni rasmi, suti nyeusi, shati jeupe. Jina langu likaitwa. Nikasimama na kopo langu kama nimebeba kombe. Jasho likaanza kunitiririka, nikamwambia fundi wa mitambo:

"Kaka, hebu niwekee hiyo feni nyuma yangu, unipulizie kidogo."

Akaiweka. Feni kubwa ile ya kusimama. Niliiomba mwenyewe, hakuna aliyenishauri.

Wallahi niliongea vizuri. Nilieleza mbegu, bonde, mavuno. Kisha nikaingia kwa bibi. Nikawasimulia jinsi mafuriko ya ujana wake yalivyowatoa ndani, akavuka maji ya kiunoni, mtoto mgongoni, kunde kazifunga kwenye pindo la kanga. "Mtoto yule ni mama yangu," nikasema. "Na mbegu zile, ndugu zangu, ndizo hizi."

Nikafungua kopo, nikaliinamisha nimimine kwenye sahani.

Kunde zilishuka. Majivu hayakushuka. Feni iliyachukua yote, ikayapeleka mbele kwa mgeni rasmi, kisha safu ya pili, kisha kwa kila mwenye pua. Suti nyeusi ikageuka ya kijivu huku naiangalia. Mgeni rasmi alipiga chafya moja, akataka kuomba radhi, ikamjia nyingine. Mama mmoja wa Chumbi akajifunika ushungi uso mzima. Watu wanafuta macho, wanakohoa, machozi yanashuka. Mimi nilikuwa nimeupa upepo mgongo, lakini nilipogeuka kuzima feni ikanipa haki yangu.

Hapo mtandao nao ukaanza kukatika. Upande wa pili hawakuona majivu wala feni. Picha iliporudi, waliona ukumbi mzima unalia, na mimi katikati nimeshika kopo, nalia kuliko wote.

Mama aliyekuwa anaongoza mkutano kwenye skrini akavua miwani.

"Ndugu zetu wa Kibiti, tunawaona. Hata sisi huku tumeguswa. Mama huyu ameacha urithi mkubwa."

Kasimu akakamata kipaza sauti, macho mekundu. "Hapana, mama, ni pilipili. Pilipili!"

Sauti ikakwaruza.

"Asante, jina tumelipata. Naomba tusimame dakika moja kumkumbuka Bi Pilipili."

Wakasimama. Skrini nzima, mkoa kwa mkoa, watu wazima wameinamisha vichwa. Huku kwetu na sisi tukasimama, kwa sababu mgeni rasmi alisimama. (Yeye alikuwa anatafuta mlango.) Hiyo dakika ilikuwa kimya kule tu. Huku ilikuwa chafya mwanzo mwisho.

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini nikawaza, nikinyamaza hivi, kunde za bibi zitaandikwa ni za marehemu Bi Pilipili, na mkulima akizitafuta kesho ataambiwa mwenyewe alishafariki. Nikajifuta kwa mtandio, nikachukua kipaza sauti.

"Samahanini. Bibi yangu anaitwa Mwanaidi, wa Ruaruke. Hajafa. Nimemwacha nyumbani anachambua mchicha. Pilipili ni dawa ya wadudu, imo ndani ya kopo, na sasa imo machoni mwetu."

Yule mama akacheka mpaka akatoka kwenye picha. Wa mikoa yote wakacheka. Aliporudi alikuwa na maswali: mnaweka kiasi gani, mbegu zinakaa muda gani, zikipandwa zinaota zote? Nikajibu yote, bila wasiwasi, pua inanitiririka. Likaandikwa jina la bibi, likaandikwa jina la Ruaruke. Mgeni rasmi akapokea mbegu kwa mikono miwili, kope zake bado zina majivu.

"Mama," akaniambia, "mwaka mwingine tueleze kwa maneno tu."

Ningeishia hapo ningesema nimesalimika. Kumbe mtu alishakata kipande cha video, kile cha taifa limesimama, akakitupa kwenye kundi la wasap la kata: "Inna lillahi, Bi Mwanaidi wetu." Nafika nyumbani nakuta viatu vimejaa mlangoni na wanawake wamekaa na kanga zao. Katikati ya mkeka kakaa marehemu mwenyewe.

"Nasikia nimekufa," bibi akasema.

"Si mimi, bibi. Ni mtandao."

"Ulizipepeta?"

Nikaangalia vidole vyangu vya miguu. Wanawake wakaanza kucheka, mmoja akaangukia bega la mwenzake. Bibi aliwaacha wacheke, kisha akanituma ndani nilete kopo la pili. Akawaambia, "Mmefanya vizuri kuja nikiwa hai. Ningekuwa nimekufa kweli, nani angewagawia?"

Kila aliyekuja kunipa pole kaondoka na kiganja cha kunde chui cha kupanda. Asubuhi zilikuwa za nyumba moja. Jioni hii hata nikipiga kiberiti kwetu, hazipotei tena.

Kwa hiyo mlioiona ile video, naomba msinicheke, na wala msije na pole. Matanga hakuna. Kunde zipo.