Mjukuu Wangu Haondoki Bila Kamba

Jumatano, 11 Juni

Wewe Radim wa mapokezi, na hiyo tai yako iliyopinda, nani kakufundisha kumcheka mtu mzima anapovua viatu mlangoni? Mamako hakuwa na nyumba? Nimesimama pale kizingitini, tramu zinapita nyuma yangu zikigonga kengele, nimevua viatu, nimevaa sapatu zangu za sufu kama mtu aliyelelewa. Naye ananiambia ati si lazima, bibi, hapa wageni wanaingia na viatu vyao. Ndiyo maana zulia lenu lina rangi ya tope. Nikamwambia hivyo hivyo. Akakohoa. Akanipa ufunguo.

Chumba kiko ghorofa ya nne. Lifti ni ya enzi za wafalme, mlango wake unaufunga kwa mkono, usipoufunga sawasawa haiendi popote. Walituahidi chumba chenye mandhari ya ngome. Nimefungua dirisha. Ukuta. Nikamwita Radim. Akanionyesha picha ya ngome iliyotundikwa juu ya kitanda. Ndiyo Praha hii, mji mkuu!

Hoteli hii kaichagua mjukuu wangu Lidka kwa kuwa ni rahisi. Anaolewa Jumamosi saa sita mchana, kwenye jumba la manispaa la Mji Mkongwe, na kijana wa hapa hapa aitwaye Vojta. Pale wanafungisha ndoa kwa foleni, kama kwa kinyozi. Ukichelewa anaingia mwingine, wewe nenda nyumbani. Lidka kanikalisha kitandani akaniambia: Bibi, nakuomba, hakuna kamba, hakuna gongo la plamu, hakuna mambo ya kijijini. Nikasema nimesikia. Kusikia nilisikia.

Hakuna kamba! Kwetu Moravia, siku ya harusi, watu wa msichana wanafunga kamba njiani. Bwana harusi anasimamishwa, anabembeleza, anatoa chupa, anasema mbele ya kijiji kizima kwamba anamtaka huyu na si mwingine. Ndipo kamba inashushwa. Msichana asiyefungiwa kamba, maana yake hana wa kumlilia. Na huyu nimemlea mimi tangu anatambaa. Leo aondoke kimya kimya kama mwavuli uliosahaulika? Thubutu!

Chumba cha mkabala yuko bibi yake Vojta, Bi Bohumila, katoka Plzeň. Alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni, na bado hajastaafu, ila treni ndiyo hana. Kanikagua kuanzia kitambaa cha kichwa hadi sapatu. Nikamuuliza kama anataka kunitoboa kama tiketi.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeanza kwa upole. Vikolache. Ni vimkate vya harusi, vidogo, unatia mdomoni mara moja, ndani vina jamu ya plamu au jibini laini. Wanawake wa kijijini walioka pamoja nami. Nimejaza sanduku zima. Nguo zangu zimesafiri kwenye mfuko wa plastiki. Kabla ya harusi unawagawia majirani, wajue kwenu kuna jambo. Majirani zangu wiki hii ni wageni wa hoteli. Basi nikashuka kwenye chai ya asubuhi, nikazisukuma pembeni zile soseji zao zilizokunjamana, nikapanga sinia.

Radim akaja mbio. Chakula cha nje hakiruhusiwi. Nikamwambia cha ndani nimekiona, ndiyo maana nimeleta cha nje.

Tunabishana, wakaingia Waingereza. Kundi zima la vijana waliokuja kumwagia mwenzao bia kabla hajaoa. Huyo mwoaji wamemvalisha gauni la bibi harusi, na ndevu zake. Kicheki hawajui hata neno. Nikawaonyesha sinia, onjeni. Nikageuka kumjibu Radim. Nilipogeuka tena, sinia tupu. Nikasema nitaleta kidogo kutoka chumbani, wakanifuata, wakanibebea sanduku lote. Vijana wenye adabu, nikawaza. Sanduku lilipofika chini lilikuwa jepesi.

Harusi haina vikolache. Hata kimoja!

Bi Bohumila alikuwa pembeni na kahawa yake. Akasema, kwa sauti ya tangazo la stesheni, kwamba yeye ameleta biskuti za dukani, za pakiti, zimefungwa vizuri, haziliwi ovyo. Nikamwambia, mama, hizo haziliwi kabisa. Akaweka kikombe chini. Vita.

Lakini sikutoka mikono mitupu. Vijana wale wana misuli. Na kamba inataka watu wa kuishika.

Ijumaa, 13 Juni

Ijumaa, tarehe kumi na tatu. Siamini mambo hayo. Nimegonga mbao tu kufukuza mkosi, za kitanda, za meza na za mlango.

Kamba imebaki nyumbani! Nilimwagiza mwanangu Zdeněk, aliyebaki kijijini, aitie sandukuni, akatia chaja ya simu. Basi nimechukua za hoteli: kamba za mapazia, mikanda ya majoho ya kuogea, na shuka moja niliyoichana vipande virefu. Si wizi. Nitarudisha kila kitu, ila kitakuwa na mafundo.

Mchana nikawafunza Waingereza uani, karibu na mapipa ya taka. Kwa ishara, na kwa gongo langu la plamu, ambalo linaeleweka kwa kila lugha. Huyu upande huu, yule upande ule, gari la bwana harusi lenye riboni likitokea, vuta! Wameshika haraka kuliko Zdeněk. Yule wa gauni akanikumbatia akalia, akasema maneno mengi. Nadhani alimkumbuka bibi yake.

Nikatazama juu. Ghorofa ya nne, dirisha la ngazi, kichwa cha Bohumila.

Lidka kaja jioni, mweupe kwa hasira. Mkaguzi alikwisha toa ripoti. "Bibi, kule foleni haimsubiri mtu," akasema. "Tukikosa zamu yetu kesho, hatupati nyingine hadi mwakani. Watu wote hawa wamekuja, nirudi nao nyumbani bila kuolewa? Ndiyo unachokitaka?" Akachukua chupa ya gongo. Akasema Bi Bohumila atakaa nami asubuhi yote, hadi Vojta atakapokuja kutuchukua. Mimi! Nimewekewa mlinzi na mtoto niliyemfundisha kushika kijiko!

Akasita mlangoni. Akasema anataka siku moja tu ambayo hatatetemeka. Nikamwambia ale, kakonda.

Chupa aliyochukua ni ile ya kuonyesha watu. Ya pili imo ndani ya buti la mvua.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika nikiwa karamuni, kwenye kiti cha karibu na makoti ya wageni. Kwa nini makoti, itaonekana.

Asubuhi Bohumila kakaa mlangoni kwangu, mkoba magotini, kama anangoja abiria. Nikamwambia kuna kahawa ya bure chini. Hakutikisika. Nikamwambia rangi yake ya midomo imehamia kwenye meno. Akaingia bafuni kujitazama, mimi huyo! Nikashuka na lifti, nikaiacha mlango wazi huko chini. Haipandi tena. Na magoti yale ya Bohumila, ghorofa nne kwa ngazi! Akili hiyo.

Nilichosahau ni kwamba Lidka naye alikuwa juu. Na gauni lake.

Mtaani vijana wako tayari, wamekunywa tangu kupambazuka. Kamba ikavutwa kutoka mlango wa hoteli hadi nguzo ya taa ng'ambo. Nikangoja gari lenye riboni. Likapita gari la mkate, tukalipisha. Likapita la taka, tukalipisha. La riboni hakuna. Vijana mikono ikawauma. Yule wa gauni akafunga ncha yake kwenye nguzo, mafundo juu ya mafundo, akaenda kutafuta bia. Wenzake wakafunga ya huku kwenye kitasa cha hoteli, wakamfuata hadi mlango wa baa.

Kengele. Tramu!

Nikapiga kelele, fungueni! Wakadhani nashangilia. Wakashangilia nao, bilauri juu. Dereva, mwanamke mwenye kifua kama kabati, akafunga breki. Tramu ikasimama, pua imegusa mkanda wa joho la kuogea. Nyuma yake ikasimama nyingine. Na nyingine. Mtaa mzima huu wa Žižkov ukawa kengele tupu.

Mlango ukafunguka. Nani anashuka? Vojta! Suti, ua kifuani, tiketi mkononi. Bwana harusi kaja kwa tramu! Nani anakwenda kuoa kwa tramu? Mtu wa Praha. Siku ya kuzikwa atauliza ashuke kituo gani.

Akasema Bibi, kwa jina la Mungu, tutachelewa. Najua, mwingine angefungua. Lakini madirisha yote ya tramu yalikuwa yamejaa nyuso, na mimi nikaona, aa, kijiji chenyewe hiki hapa. Nikasimama mbele ya kamba, mikono kiunoni. Nikamuuliza anatoa nini kwa ajili ya msichana wetu. Akasema hana kitu, pochi kamwachia shahidi wake. Nikamwambia basi apande tramu arudi alikotoka. Dereva akaniita bibi kichaa. Nikamwambia ngoja zamu yako, mama, naongea na mkwe.

Hapo Vojta akapasuka. "Bibi, chukua koti! Chukua saa! Haya, chukua viatu!" Na kweli akavivua, pale pale kwenye lami. "Chukua chochote! Mimi namtaka Lidka, simtaki mwingine, nipe Lidka wangu tuwahi!"

Walimsikia hadi tramu ya tatu. Watu wakapiga makofi. Mwanamke mmoja mwenye mbwa akalia. Mbwa naye.

Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Neno kwa neno!

Lidka alikuwa kasimama mlangoni mwa hoteli, jasho linamtoka, gauni kalikusanya hadi magotini, kashuka ngazi zote kwa miguu. Kasikia yote. Midomo ikamcheza. Nikapanua mikono. Akanipita, akamkumbatia mtu asiye na viatu. Kisha akanigeukia. Akasema kwa sauti ndogo, na kwake sauti ndogo ndiyo mbaya, kwamba nimwombe Mungu wawahi, maana wasipowahi sitamwona tena. Radim akaja na mkasi, akakata. Alikata kwa furaha, nilimwona. Bi Bohumila akafika wa mwisho anahema, akapanda nao tramu, na kabla hajakaa akauliza ni nani humu hana tiketi.

Nami nikanyanyua mguu nipande. Mkono ukatua begani. Askari.

Tramu ile ile niliyoisimamisha ikaondoka na mjukuu wangu.

Askari kijana, mtu wa Břeclav, Moravia ile ile ya kwetu. Akauliza hii ni nini. Nikamweleza. Akaigeuza kamba, akauliza mbona haina maua kama inavyopambwa kwetu. Nikasema ahsante Mungu, huyu ataniachia. Wapi! Ana moyo wa kwetu na kalamu ya Praha. Akaandika maelezo yangu polepole, herufi moja moja, ulimi nje. Nikataka kumwonjesha kidogo kutoka kwenye ile chupa ya butini, nilikuwa nayo mkobani. Akakataa, na hilo nalo akaliandika.

Waliwahi. Walikimbia kutoka kituoni hadi ndani, Vojta viatu mkononi, wakaingia wakati jina lao linaitwa kwa mara ya mwisho. Sikuwaona wakila kiapo. Nilifika wanapigwa picha, mchele wa kuwarushia maharusi umeshamwagika wote, nikasimama nyuma ya mpiga picha mwingine wa harusi nyingine. Niliona visogo vyao wakigeuka kuondoka. Ni visogo vizuri.

Kiti changu cha mbele alikikalia Bohumila. Sasa yuko hapa pembeni yangu, magoti kayafunga barafu, ananisimulia yote kwa mpangilio wa vituo: walipoingia, walipoitikia, Lidka alipolia. Nikamuuliza alilia kabla ya kuitikia au baada. Akasema kabla, na alitazama mlangoni. Akanishika mkono. Nikautoa. Baadaye nikaurudisha kidogo, kulikuwa na upepo.

Lidka ndiye aliyeagiza nikae huku kwenye makoti, na hajanisemesha. Alipopita na keki aliniwekea kipande kikubwa kuliko cha Bohumila, bila kunitazama. Bohumila alikiona. Nilihakikisha.

Jumapili, 15 Juni

Radim anataka niombe radhi kwa mapazia yaliyoanguka bila kamba zake. Nikamwambia yale mapazia hayajaona maji tangu yashonwe, nimemsaidia kuyashusha. Akasema hoteli itafurahi nikienda kukaa kwingine safari ijayo. Nikamwambia nitafikiria.

Treni inakwenda, nami nimepata nafasi ya kuwaza. Tatizo lilikuwa wapi? Nimelipata. Praha. Mtaa mpana mno, vifaa vya kuogea, wasaidizi wa kigeni. Kwangu mimi sikuona kosa. Ila ukweli nao usemwe: chupa hakutoa. Alitoa viatu, na akavichukua tena. Bila chupa jambo halijakamilika, hata padri wetu hawezi kunibishia.

Lidka kanipigia simu nikiwa njiani. Sauti bado kavu. Akauliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Kisha akasema Jumamosi ijayo wanakuja kijijini, ni chakula tu na majirani wachache, na akiona kitu chochote barabarani, chochote, watageuza gari na kurudi Praha.

Gari! Wameazima la yule shahidi. Nimecheka peke yangu hadi kondakta akaja kuniangalia. Watageuzia wapi? Njia ya kuingia kwetu ni moja, juu ya daraja, nyembamba, hata mbuzi hageuki pale.

Zdeněk, ukisoma haya, na najua unasoma, zima hiyo televisheni. Trekta la jirani yetu Bwana Kubíček likae katikati ya daraja kabla hawajafika, na ufunguo uniletee mimi mkononi.