Kuhusu Takia la Kumi na Mbili na Suruali Mliyoirudisha

Maati Lahrech,
Nyumba ya tatu nyuma ya mashimo ya ngozi,
Fez, Moroko.
(Ukipotea, taja jina langu tu. Hata paka watakuonyesha.)

Kwa Bibi Mkurugenzi,
Jumba la Maonyesho la Ghala Jekundu,
Aarhus, Denmark.

YAH: KUTOTENDEWA HAKI MIMI BINAFSI, NGOZI, NA SURUALI

Bibi Mkurugenzi mheshimiwa,

Natumaini barua hii imekukuta umekaa, maana aliyekuandikia si mtu wa kusomwa ukiwa umesimama. Mimi ndimi Maati. Katika Fez nzima hakuna mgeni anayeyaona mashimo ya kulainishia ngozi bila kupita mkononi mwangu. Mabalozi, madaktari wa meno, na mwana wa mfalme mmoja wa nchi ambayo siitaji kwa kuwa nimeisahau, wote wamesimama mbele yangu kwa adabu wakanyoosha mkono, nami nikampa kila mmoja kijitawi chake cha nanaa cha kuweka puani, ndipo wakapanda ngazi kutazama. Siku nikiumwa, utalii wa nchi hii unazimia. Shule nilifika darasa la tano, na mwalimu alikiri mwenyewe mbele ya wenzangu: "Maati, mimi na wewe tumefika mwisho."

Mimi ni mjomba wa Batul, yule fundi wa ngozi mliyemwalika. Maonyesho haya mnayoyaita ya Jumba lenu, mwandalizi wake ni mimi. Batul alishona tu. Nani alitafuta masanduku ya mbao? Nani aliandika "TARATIBU" pande zote sita, hata ule wa chini ambao haumuoni mtu wala mtu hauoni? Nani aliyapakia juu ya nyumbu wawili na kuyatoa salama kwenye vichochoro ambamo mtu mnene hupita kiubavu? Jibu la maswali yote matatu linaanza na M.

Sasa naleta malalamiko yangu kwa mpangilio, moja baada ya jingine, kama watu waliosoma.

1. Matambara.

Batul alishona matakia kumi na mawili ya ngozi ya mbuzi, yale ya kukalia sakafuni, na kila moja akalipa jina la mtu wa kichochoro chetu aliyeondoka. Wengine walihamia Ulaya, wengine makaburini. Kumi na moja akaniachia niyafunge. Nikayatazama: matupu! Yamelala chali kama mbuzi waliosikia habari za Idi. Bibi Mkurugenzi, kwetu takia huuzwa tupu, lakini likiingia ndani ya nyumba hujazwa matambara ya nyumba ile ile. Mgeni akioneshwa takia tupu anaelewa moja kati ya mawili: mwenye nyumba amefilisika, au anamwambia kwa heshima aende zake. Nikasema, mpwa wangu haaibiki ng'ambo mimi nikiwa hai. Nilizunguka mlango kwa mlango siku mbili. Dada yangu Lalla Kenza, mama yake Batul, alitoa mapazia ya harusi yake. Si Allal wa mkahawa (kwetu "Si" ni Bwana) alitoa vitambaa vya kufutia meza. Mimi nikatoa suruali yangu pana. Niliyashindilia yote kumi na moja mpaka yakakaa wima kama makadhi.

Nanyi mkafanya nini? Mkayatoa matumbo! Mkafunga matambara yote katika furushi, mkalirudisha Fez kwa jina langu. Mimi nilipoona mihuri ya Denmark nilijua ni nishani. Nikalipeleka mkahawani kwa Si Allal, nikawaita watu, nikapanda juu ya kiti, nikawaambia, "Ndugu zangu, leo mtashuhudia namna Ulaya inavyomheshimu mtu." Nikalifungua. Suruali ikatoka ya kwanza, na kikaratasi kimening'inia kiunoni: "Kitu nambari 7. Suruali, pamba, kiraka nyuma. Tafadhali fafanua: ni sehemu ya kazi ya sanaa?"

Si Allal alisema, "Maati, hongera! Suruali imefika Ulaya, bado mwenyewe." Na kinyozi akadakia, "Na imerudi. Hata suruali imekataliwa viza!" Tangu siku hiyo, nikipita tu naulizwa, "Suruali haijambo?" Fidia ya jambo hili naiacha kwenye dhamiri yako, lakini dhamiri hiyo iwe pana.

2. Suruali yenyewe mmeifua na kuipiga pasi. Ina mkunjo mbele, mmoja kila mguu, umenyooka kama ukingo wa mlango. Sijapata kuomba mkunjo. Naivaa natembea kama mkaguzi wa shule.

3. Njiwa.

Katika fomu yenu ndefu mliuliza ngozi zimelainishwa kwa kitu gani. Batul alitaka kuandika "njia za asili" na kupita zake. Nikamwambia, mwanangu, usiwafiche wazungu, watatuheshimu zaidi tukisema kweli. Nikaandika: mavi ya njiwa, ya daraja la kwanza, yanayokusanywa mapaani na Si Bouazza, mtu mkweli, anayesali. Mkajibu mkitaka cheti cha afya cha njiwa. Bibi Mkurugenzi, njiwa wako mia nne na hawakai foleni. Si Bouazza alijaribu siku nzima kumshika mmoja akapimwe, akaanguka juu ya paa la jirani, na sasa mwenye kuhitaji cheti cha afya ni yeye.

Halafu mkaandika kwamba kuna "harufu" na kwamba mmefungua madirisha. Harufu! Hiyo ndiyo saini ya Fez. Ngozi isiyonuka ni plastiki yenye maringo. Dawa ya harufu duniani ni moja, nanaa puani, na mtaalamu wake duniani ni mmoja, na wewe unaisoma barua yake.

4. Kibao cha "Usiguse". Ngozi isipoguswa hukauka, ikikauka hupasuka, ikipasuka lawama mtamtupia Batul. Takia lataka kukaliwa. Wekeni kibao kingine: "Kaa, lakini vua viatu."

5. Hili la tano ndilo limenifanya ninunue karatasi. Kadi yenu ya mwaliko ina jina moja. Nimeigeuza nyuma, nimeinusa, nimeishika juani. Batul Serghini, basi. Na tiketi ya ndege ni moja. Nikaenda kumlalamikia dada yangu, akiwa anachambua dengu, na hata kichwa hakuinua. "Ndege utaipanda na nini, Maati? Na ulimi wako?" Yaani nimedharauliwa katika mabara mawili kwa wiki moja.

Kwa sababu hizo tano, naomba kwa unyenyekevu yafuatayo, na unyenyekevu wangu una mpaka:

(a) Tiketi ya pili, kwa jina langu, kiti cha dirishani.

(b) Magunia manane ya nanaa yapewe viti vyao, yasitupwe na mizigo, maana nanaa ikiminywa hununa.

(c) Nisimame mlangoni pa maonyesho nimevaa jalaba langu jeupe, kanzu yenye kofia iliyoshonwa shingoni, niwagawie Wadenmark wote nanaa, kisha niwaeleze kila takia ni la nani. Batul hawezi kueleza. Anasema kazi inajieleza. Kazi gani hiyo yenye mdomo?

(d) Waziri wenu anayehusika na ngozi aje kunipokea uwanjani. Kama hamna waziri wa ngozi, mteue. Nina majina mawili ya kupendekeza, na la kwanza si mgeni kwako.

(e) Baada ya maonyesho, muangalie kama bandari yenu ina nafasi ya mashimo ishirini ya kulowekea ngozi. Njiwa tutawaleta sisi.

Na usidhani nina maneno matupu. Mlimwandikia Batul kwamba takia la kumi na mbili lisipofika kabla ya tarehe ishirini na tano, kazi haijakamilika, na ukumbi atapewa mtu mwingine. Vizuri. Takia la kumi na mbili ninalo mimi. Lilibaki nyumbani kwangu likikauka mafuta, na ni la marehemu shemeji yangu Si Jilali, baba yake Batul, fundi aliyekuwa akishona msharasi wa kutobolea ngozi mkononi na wimbo mdomoni, na vyote viwili vilinyooka. Nimelijaza sufu safi ya kondoo, si matambara, kwa heshima yake. Takia hili litakuja Denmark likiwa kwapani mwangu, au halitakuja kabisa.

Batul alilifuata jana. Alisimama mlangoni hakuingia. Naandika maneno yake ili ujue ninavyoonewa.

"Mjomba, na la Baba pia umelishindilia?"

"Nimelishibisha. Marehemu hakupenda njaa."

"Mjomba! Yako matupu kwa sababu wameondoka. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Miaka minne nimeshona watu ambao hawapo, na wewe umewajaza mapazia ya Mama!"

Nikamwambia, "Sasa mtu akija akaona patupu, atajuaje kwamba palikuwa na mtu?"

Akasema, "Ataona alama ya alipokaa." Kisha akaenda. Miaka thelathini na moja nimemjua mtoto huyu, hajapata kuondoka mlangoni pangu bila kunywa chai.

Nikalitazama takia lile jioni nzima. Lakini msimamo wangu uko pale pale: bila tiketi, hakuna Si Jilali.

Nakuomba unisalimie wafanyakazi wote wa Jumba, walinzi wa mlangoni, aliyeandika kile kikaratasi (mwambie mwandiko wake ni mzuri, moyo wake ni wa chuma), na hasa yule aliyepiga pasi. Inaonekana ni mtu aliyelelewa. Lalla Kenza anakusalimu, anauliza mapazia mlitumia sabuni gani. Si Bouazza anakusalimu akiwa kitandani. Njiwa hawajambo.

Ni mimi, mwandalizi wako, nisiyerudi nyuma,

Maati Lahrech

N.B. Bibi Mkurugenzi, haya ya chini soma peke yako, mlango ukiwa umefungwa.

Takia la Si Jilali limekwisha kuondoka. Nilipofika hapo juu kwenye sahihi, kalamu ikagoma. Nikachukua takia, nikaingiza mkono, nikatoa sufu yote, konzi kwa konzi. Sikupenda. Lilipokuwa tupu likajikunja lenyewe upande wa kushoto, na shemeji yangu alikuwa mtu wa kukalia pembe ya kushoto ya takia, na mimi, kando yake, siku zote nilikuwa nikikalia ile ya kulia. Nikamwelewa Batul, ingawa sitamwambia. Nimelipeleka mwenyewe kwa wasafirishaji asubuhi hii, risiti nimeitia chini ya mlango wake. Litafika tarehe ishirini na mbili. Usiahirishe kitu. Jina moja kwenye kadi linatosha, ndilo lenyewe. Ukiweza kupata tiketi ya pili, iwe ya Lalla Kenza. Mume ni wake.

Kwangu mimi nakuomba jambo moja tu: unikatalie. Uandike barua kali, yenye mhuri mkubwa, useme Serikali ya Denmark imemkataza kabisa Maati asije, kwa sababu zozote utakazobuni, ila ziwe nzito. Nitaisoma mkahawani nikiwa juu ya kiti. Maana nimewaambia wote nakuja, na kuja siwezi. Mwaka juzi nilipanda teksi ya kwenda Sefrou, safari ambayo hata saa haifiki, tumebanana abiria sita, na kwenye kona ya tatu tumbo likanigeuka. Mbele yangu alikaa mzee mmoja mwenye jalaba la Ijumaa, na kofia ya jalaba lake ilikuwa imening'inia nyuma ya kiti, wazi kama mfuko. Nikatapikia humo, kimya kimya, hakuna aliyejua. Tuliposhuka Sefrou mvua ilikuwa inanyesha, na mzee akanyoosha mikono nyuma ya shingo, akaivuta kofia yake, akaivaa.