Podesta Mgeni wa Roccapiana

Lapuccio alikuwa ameshamuuza farasi mmoja mara tatu, tena si wake, alipomkuta Mzee Nuto wa Roccapiana akinywa supu ya maharage katika nyumba ya wageni, Bologna.

"Mji wetu unatafuta podesta," Nuto alilalamika. "Awe mgeni kabisa, asiye na ndugu wala rafiki kwetu."

"Mimi sina rafiki popote, mzee," alijibu Lapuccio. Ndiyo kweli pekee aliyoisema mwaka ule.

Cheo hicho, tukiseme kwa adabu, kimepanda na kushuka. Zamani podesta alikuwa mtu wa Kaisari, aliyetumwa kuwakamua watu. Watu wakamfukuza yeye, jina wakabaki nalo, maana jina halili. Na kwa kuwa koo zao kubwa haziaminiani hata kugawana kitunguu, wakazoea kumwajiri mgeni awatawale na kuwaamua mwaka mmoja, kisha aende zake.

Basi Lapuccio akavaa joho jekundu, akakaa kitini. Ukoo wa Gualdi wakamletea birika la fedha kupitia mlango wa jikoni.

"Ile kesi yetu ya mpaka, mheshimiwa..."

"Kesi gani? Si mmeshashinda!"

Kesho yake wapinzani wao, ukoo wa Pennacchi, wakaleta vikombe sita. Nao walikuwa wameshashinda. Hukumu ikaahirishwa mwaka mzima, na magunia yakajaa.

Siku ya mwisho, alfajiri, Lapuccio alifika langoni na nyumbu wake aliyebeba magunia. Nuto alikuwa pale, funguo mkononi, na kina mama na ndoo zao nyuma yake.

"Haraka ya nini, baba? Podesta akimaliza huketi uwanjani siku kumi, ahojiwe na kila mtu. Mla rushwa hukatwa mkono. Ama tuushushe mzigo hapa hapa, kimyakimya."

Lapuccio akautazama mkono wake. Aliupenda. Akafungua kamba.

"Mlijua mimi tapeli!"

"Tangu Bologna. Mwaka juzi tulipata mwaminifu, hakupokea hata yai. Matajiri wetu kodi hawatoi, mwanangu, ila rushwa wanatoa kwa moyo mkunjufu. Sasa kisima tungekichimba kwa fedha gani?"

"Mungu akuzidishie, mheshimiwa!" mama mmoja alimpigia kelele, mtoto mgongoni. "Kushuka bondeni kuteka maji kumenimaliza magoti!"

Nuto akamkabidhi barua yenye muhuri, imejaa sifa zake tupu.

"Ya nini hii?"

"Wapelekee jirani zetu, ng'ambo ya kilima. Daraja lao limebomoka."

Lapuccio akaisoma mara mbili, akaitia kifuani.

"Matajiri wao wakoje?" aliuliza.