Ubao wa Ziwa Tansy

Jumatatu, 2 Oktoba

Siku tano kabla ya mashindano. Uzito: hauandikwi. Goti la kushoto: linalia kama mlango wa stoo. Ari: ya simba.

Nimeamua. Mwaka huu jina langu, Merritt Gannaway, litapakwa rangi kwenye ubao wa klabu. Miaka ishirini na miwili nateleza juu ya maji ya ziwa hili kwa skii moja, nikivutwa na boti. Nina miaka sabini na mitatu. Wazee wote wa mchezo huu hapa Florida wananijua, na ubao haunijui!

Kila Oktoba, sisi wa miaka hamsini na mitano kwenda juu, pamoja na wenzi wetu, tukishamaliza mashindano, tunapiga kura kumchagua Mwenzetu wa Mwaka. Si lazima awe bingwa. Ni yule ambaye wenzake wanaona fahari kuteleza naye. Tad Brubaker, daktari wa meno mstaafu, yuko pale ubaoni tangu 2019. Herufi za dhahabu! Kila nikienda msalani napita chini yake.

Mkakati: barua za mapendekezo. Nimeandika sita. Miandiko sita, miwili kwa mkono wa kushoto. Moja kwa wino wa zambarau, ionekane ya mwanamke. Moja nimeisaini kwa jina la Hoyt, mwandani wangu. Hoyt angesaini mwenyewe, nina hakika.

Verna, mke wangu, ameuliza naandika nini siku nzima. Nimesema wosia. Akasema basi nisisahau kumwachia boti.

Jumanne, 3 Oktoba

Balaa! Coreen Lasseter amepiga simu. Coreen ndiye katibu wa klabu, na ndiye anayeendesha boti inayotuvuta siku ya mashindano. Si mtu wa kugombana naye.

Akasema amekuta barua sita sandukuni, zote zinasifu "mkao wake wa chui arukaye", na zote zimekosea jina la klabu mahali palepale. Nikasema ajabu ya sadfa. Halafu akasema polepole, "Merritt, Hoyt tulimzika Machi. Wewe ulibeba jeneza, upande wa mbele."

Nikasema labda aliiposti mapema.

Barua zote amezitia kwenye mashine ya kukatia karatasi, na ameapa hatamwambia mtu. Mwanamke muungwana. Nikamuuliza kama yeye binafsi ameshaamua kura yake. Simu ikakatika. Mtandao wa huku mbovu.

Hoyt angecheka mpaka akohoe. Nimekaa kidogo kwenye gati, peke yangu. Kisha nimerudi kupanga.

Alhamisi, 5 Oktoba

Wageni wamefika. Magari-nyumba kutoka Georgia, kutoka Alabama, yamejipanga chini ya misonobari. Watu wenye nyonga za bandia na magoti ya chuma, wanakumbatiana kama watoto waliofungiwa mwaka mzima. Bibi mmoja wa Alabama alinikumbatia akaniita Gordon. Sikumsahihisha. Kura ni kura.

Mkakati wa pili: njia ya kura ni tumbo. Nikachemsha karanga, ndoo mbili kubwa, mapishi ya mama yangu. Nikaweka meza penye kivuli, na kibao: KARANGA ZA MERRITT, MWENZENU.

Pigo la kwanza: nilitia chumvi, na Verna alikuwa ameshatia. Pigo la pili: saa sita kamili Brubaker akaingia akivuta jiko la moshi lenye magurudumu. Ndani yake nguruwe. Mzima! Amemwoka tangu jana. Aproni imenyooshwa pasi!

Watu walikuja mezani kwangu kwa adabu. Wakala karanga moja, wengine mbili. Wakaenda kutafuta chai baridi. Mwishowe akaja Idella Pruitt, mkongwe wetu kuliko wote, miaka themanini na sita na bado anateleza. Akatafuna. Akafikiri. "Kijana," akasema, "karanga zako zingemhifadhi nguruwe wa Tad mpaka Krismasi."

Nilicheka na wenzangu, ingawa roho iliniuma. Kisha nikaenda kula nguruwe. Alikuwa mtamu. Hapo ndipo paliponiuma zaidi.

Ijumaa, 6 Oktoba

Siku ya mazoezi. Pia siku ya picha: mpiga picha wa klabu anasimama gatini, na picha zinabandikwa ukutani wapiga kura wazione. Kwa hiyo nikatoa kabatini suti yangu ya majini ya mwaka 2001. Nyeusi, mistari myekundu. Mwaka ule nilikuwa na kiuno.

Kuingia: dakika ishirini na tano, mafuta ya kupikia, na Verna kuweka goti mgongoni mwangu. Zipu ikafika juu. Nilipendeza. Kupumua nilishindwa, lakini picha haipumui.

Boti ikavuta. Nikainuka majini vizuri sana. Nikavuka mlango wa njia, yaani maboya mawili ya kuingilia, nikalikaribia boya la kwanza, nikajikunja kama chui. Paa! Mshono wa nyuma ukaachana kutoka shingoni hadi pasipoandikika. Mpiga picha hakukosa hata sekunde moja.

Nilibaki majini kwa muda nikijifanya natazama ndege. Wa kwanza kunifuata alikuwa Brubaker, kwa mtumbwi, na taulo. Nikasubiri kejeli. Akasema tu, "Jifunge hii, bwana pampu, kabla mamba hajapoteza hamu ya kula." Ananiita hivyo kwa sababu niliuza pampu za mabwawa ya kuogelea kwa miaka thelathini. Kisha akaniazima suti yake ya akiba. Imenitosha barabara. Kosa lake ni moja: mgongoni imeandikwa BRUBAKER kwa herufi zinazosomeka ng'ambo ya ziwa.

Nimefikiri sana. Ni hila? Najua yeye ni hila tupu. Lakini nyingine sina.

Jumamosi, 7 Oktoba

Lazima niandike taratibu.

Maji asubuhi yalikuwa kioo. Daraja letu, wanaume wa sabini na kuendelea, tulikuwa tisa. Kanuni ni nyepesi: maboya sita, zunguka yote bila kuanguka, kisha kamba inafupishwa, unarudi tena. Ukikosa boya, umemaliza.

Niliingia wa nane. Coreen akageuza kichwa kutoka kwenye usukani, akanikonyeza. Duru ya kwanza: sita! Duru ya pili: sita! Goti halikulia hata kidogo. Kamba ikafupishwa tena, urefu ambao maisha yangu yote sijawahi kupata zaidi ya boya moja na nusu. Moja. Mbili. Tatu! Nikalifikia boya la nne, nikaanguka kifudifudi, nikanywa ziwa. Waamuzi wakatangaza tatu na nusu. Gati zima likapiga kelele: "Brubaker! Brubaker!" Kwa sababu ya mgongo. Sikujali! Nilikuwa naongoza!

Akabaki mtu mmoja. Brubaker mwenyewe.

Nikasimama gatini na taulo, nikimwombea mabaya. Duru mbili akamaliza kama anatembea sebuleni kwake. Ya tatu: boya la kwanza, la pili, kisha skii ikaruka chini yake akaanguka. Mbili! Medali ya dhahabu yangu! Verna akaangusha darubini.

Lakini niliona. Boti ya mvuvi ilikuwa imekatiza mdomoni mwa ghuba, na wimbi lake likaja chinichini mpaka boya la tatu. Coreen alikuwa anatazama mbele. Mwamuzi wa ndani ya boti alikuwa anatazama skii, si maji. Waamuzi wa mnarani walikuwa na jua machoni. Na Brubaker, akiwa anaelea, akainua mkono kuonyesha kwamba yuko salama. Hakudai kitu. Hakujua kilichomwangusha. Alidhani ni uzee.

Hilo ndilo lililoniharibia. Nilimwona usoni. Alidhani ni uzee.

Nikajiambia: Merritt, funga mdomo. Hesabu mpaka kumi. Nilifika nne. Kisha nikasikia sauti inapiga kelele, "Wimbi! Boti ngeni! Arudie huyo!" Nikatazama nani mpumbavu. Ni mimi.

Waamuzi wakashuka wakaniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo, laana yake. Kanuni inasema wimbi la boti ngeni likimpata mtu, anarudia duru. Akarudia. Akapata maboya manne.

Nimeshindwa kwa nusu boya. Na mdomo wangu mwenyewe. Verna amenipikia kambare wa kukaanga, na hakuuliza kama nataka zaidi. Ameongeza tu.

Jumapili, 8 Oktoba

NIMESHINDA! Si mashindano. UBAO!

Kura zilihesabiwa baada ya chakula cha mchana, watu wote wameketi kwenye viti vya kukunja. Nilikaa nyuma kabisa. Tumaini sikuwa nalo. Mbinu zangu zote zilikuwa zimekufa, na kampeni sikufanya hata kwa jirani yangu wa kiti.

Coreen akasoma karatasi. Akasema Mwenzetu wa Mwaka ni mtu aliyekuwa na medali mkononi, akairudisha majini kwa sababu haikuwa yake. Nikageuka kutafuta ni nani. Watu walikuwa wameshasimama. Magoti ya chuma, nyonga za bandia, fimbo: wote wamesimama! Kura thelathini na nne kati ya arobaini na moja.

Brubaker alinifikia kwanza. Sikuwahi kumwona daktari wa meno analia. Wao huwaliza watu. Akasema jana pale majini alikuwa ameshaamua kuacha mchezo. Akasema mimi ndiye niliyemrudisha. Tukapigana mabega kwa nguvu.

Idella akadai kipaza sauti. "Miaka ishirini na miwili huyu kijana hajawahi kunyamaza," akasema. "Jana ndiyo mara ya kwanza nimefurahi."

Brubaker akashika brashi mwenyewe. Mikono ya kuziba meno: herufi zimenyooka. M. GANNAWAY. Nilisimama pale hadi rangi ikakauka. Dakika arobaini. Nimeigusa mara tatu. Verna akaniletea kiti, akasimama kando yangu, mkono wake begani mwangu, akasema neno moja tu: "Umependeza."

Baadaye nikauliza ni akina nani hao saba. Verna akakiri yeye ni mmojawapo. Alimpigia Idella. Anasema mtu wa miaka themanini na sita hasubirishwi. Nimesamehe. Leo nasamehe kila kitu!

Jumatatu, 9 Oktoba

Wageni wameondoka. Ziwa kimya. Nimelala kama mtoto, nimeamka na akili inafanya kazi.

Nimejifunza jambo kubwa. Barua hazifai. Karanga hazifai. Picha ndiyo usiseme. Kinachofaa ni uaminifu! Watu wanaupenda kupita nguruwe! Lau ningejua mapema, ningekuwa nimeandikwa mara tatu.

Na Coreen ameniambia kitu bila kujua uzito wake: jimbo nalo lina ubao. Mkubwa. Wa shaba. Mashindano yake ni Mei.

Kwa hiyo asubuhi nimekwenda duka la chambo, nikaulizia yule mvuvi wa Jumamosi. Wanamjua. Wamenipa namba. Nimempigia nikiwa gereji, mlango umefungwa. Nimemuuliza kama Mei ana nafasi, siku ya Jumamosi, karibu saa nne asubuhi, wakati Brubaker anaingia majini. Verna amegonga akauliza naongea na nani. Nimesema mchungaji.

Mvuvi anaonekana mtu mwelewa. Amekubali. Ila aliuliza wimbi analotaka mzee liwe kubwa kiasi gani.

Nikamwambia la kutosha kuonekana na mtu mwaminifu.