Jumatatu Tuliyoikuta Portgarvie Imefungwa

Jumanne, 3 Juni

Nimeshinda! Kamati ya Klabu ya Matufe ya Kirkmuir imenikabidhi mimi, Murdo Pringle, safari ya mwaka huu ya kwenda pwani kwa basi. Kwa miaka kumi na tisa safari hiyo imekuwa mali ya Eck Dalgleish, utadhani bahari kaichimba yeye. Kura sita kwa tano. Ile ya sita nilijipigia mwenyewe, wala sioni haya.

Eck alikuja kunipa mkono. Akasema haya mzee, tutaona, ila ukiharibu usije ukagusa hata mlango wa basi. Kamati nzima ikaitikia kwamba ndivyo: ikiharibika, mwakani inarudi kwa Eck bila mjadala. Nikacheka kwa dharau. Halafu nikaenda chooni nikakaa kidogo.

Humu sidanganyi. Safari ni kisingizio tu. Ninayemtaka ni Ishbel Rennie, mjane wa marehemu Rab, mwanamke pekee klabuni anayemfunga Eck kwenye matufe, mchezo wetu wa kuviringisha mipira mizito nyasini, mpaka anatupa kofia. Eck naye anamtaka, hana haya yule. Na mwenye safari ndiye hukaa kiti cha mbele na kumchagua wa kukaa naye. Miaka mitatu nimekaa nyuma nikitazama kisogo cha Eck na kofia ya Ishbel. Basi, imetosha!

Jumatano, 4 Juni

Mji nimeshachagua: Portgarvie. Ishbel aliwahi kusema mama yake alikuwa akimpeleka pale kula aiskrimu iliyobanwa kwa biskuti mbili. Aliropoka tu akinywa chai. Mimi huyaokota maneno yake.

Siku nayo nimechagua, na hapo ndipo akili ilipo. Eck hutupeleka Jumamosi, tukabanana na Glasgow nzima. Mimi nimesema Jumatatu. Lakini kwetu Jumatatu nazo ni mtego: kila mji una Jumatatu zake za sikukuu, na siku hiyo mji mzima humwagika pwani. Nikajifungia maktaba asubuhi yote. Nimepekua sikukuu za miji thelathini na minne. Glasgow, hapana. Paisley, hapana. Hata vijiji vyenye kondoo wengi kuliko watu sikuviacha. Tarehe 9 hakuna mji hata mmoja unaokwenda Portgarvie. Bahari yote yetu!

Dada yangu Netta, ambaye naishi naye, akauliza kama nina hakika nimeangalia miji yote. Nikamwambia asinifundishe kazi. Akasema haya, na akaendelea kumenya viazi.

Ijumaa, 6 Juni

Kumbe Eck naye amejiandikisha kuja! Tena kaomba kiti cha pili, nyuma yetu kabisa, eti goti lake halipendi kukaa nyuma. Thubutu.

Nilifikiri mpaka kichwa kikauma. Leo saa kumi na moja alfajiri nikaenda klabuni na kijiko cha bustani. Nikatengeneza vichuguu saba vya udongo kwenye zile nyasi zetu takatifu, kama vya fuko, wale wanyama wachimbao chini ya ardhi. Saa mbili ukapigwa ukelele: fuko! Fuko wameingia uwanjani! Nami nikapiga ukelele pamoja na wenzangu, tena mkubwa kuliko wao.

Nikasema kwa unyenyekevu kwamba Jumatatu lazima abaki mtu mmoja mzoefu kulinda uwanja. Nikasema pia kwamba mimi sijui chochote kuhusu fuko. Eck, anayezipenda zile nyasi kuliko ndugu zake, akaruka kujitolea. Amekwisha! Ila Ishbel akamshika bega akamwambia ana moyo mzuri. Wivu ulinichoma nusura niungame.

Jumapili, 8 Juni

Tayari. Kila dakika imeandikwa. Saa nne na nusu tunafika. Saa tano aiskrimu. Saa sita na nusu samaki na chipsi. Saa tisa natembea na Ishbel ufukweni na kumwambia jambo lile. Nimelifanyia mazoezi mbele ya kioo. Netta alipita mlangoni akasema unaonekana una vidonda vya tumbo.

Ameniambia nibebe karatasi za chooni. Nikamjibu kwamba Portgarvie ni mji wa kistaarabu, una vyoo vya umma vyenye tuzo. Nimebeba sandwichi moja tu ya yai, ya dharura.

Jumatatu, 9 Juni

Naandika miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya moto. Jamani.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Wazee thelathini na watatu, chupa za chai, nyimbo, Ishbel pembeni yangu na kofia ile ile, safari hii naiona kwa mbele. Nilikuwa nimeandaa mazungumzo matatu. Yakaisha kabla hatujatoka Kirkmuir. Baada ya hapo yeye na dereva wakaongea habari za mabomba ya maji hadi baharini.

Tukashuka. Kimya. Si kimya cha utulivu, kimya cha kuhamwa. Duka la aiskrimu limefungwa. La chipsi limefungwa. Baa imefungwa, na hapo ndipo watu walipoanza kunitazama. Kila mlango una karatasi: Tumefunga, leo ni sikukuu ya mji. Mji gani? Huu huu! Nilipekua miji yote inayokwenda Portgarvie. Portgarvie yenyewe sikuiangalia.

Hayo yote yangevumilika. Vyoo vyenye tuzo navyo vilikuwa na kufuli. Wazee thelathini na watatu, saa mbili nzima barabarani, na chai yote ile! Bwana Haddow, mwenye miaka themanini na moja, alinishika koti akaniambia kwa sauti ndogo, Pringle, nikiaibika hapa nitakuja kwenye mazishi yako nicheke.

Nikagonga milango kama mwendawazimu. Mmoja ukafunguka. Bibi mmoja, Grizel Tait, kaniangalia juu mpaka chini akauliza moto uko wapi. Nikaeleza. Akasema mji wote umeondoka asubuhi kwa mabasi manne, wamekwenda kutembea. Wapi? Kirkmuir. Nikamwomba arudie. Kirkmuir, akasema, kwingine kote kulikuwa kumejaa. Yeye hakwenda kwa sababu aliwahi kufika Kirkmuir mwaka 1971 na ilimtosha.

Mungu ambariki, alitufungulia choo chake. Foleni ikafika hadi getini. Alisimama mlangoni na saa ya jikoni, dakika tatu kila mtu, na aliyezidisha aligongewa mlango kwa mpini wa ufagio. Bwana Haddow aligongewa mara nne. Babu, aliambiwa, umehamia humo?

Mvua ikaanza saa saba. Wenzangu wakarudi ndani ya basi, vioo vikaingia ukungu, na kutoka ndani nikasikia wakiimba wimbo uliotungwa papo hapo, wenye jina langu na maneno nisiyoweza kuyaandika. Ishbel hayumo.

Nikamkuta ufukweni. Kavaa vazi la kuogelea, kofia bado iko kichwani. Akaniuliza, vipi Murdo, unakuja au utasimama hapo kama nguzo ya simu? Mwanamume ufanyeje? Nikavua nikabaki na suruali ndefu ya ndani ya sufu. Nikaingia. Ile si baridi, ile ni matusi. Kuna sehemu za mwili wangu sijazisikia tena tangu saa nane. Ishbel alikuwa anaelea tu akiniambia nipumue.

Sasa, kwetu ukitoka baharini lazima ule kitu hapo hapo huku unatetemeka. Kipande cha kutetemekea, tunakiita, na hakuna mtoto wa Kiskoti aliyelelewa bila hicho. Nikakumbuka sandwichi yangu. Nikaikata katikati, nikamnyooshea nusu, meno yanagongana, nikafungua mdomo nimwambie jambo lile la kwenye kioo. Shakwe akashuka. Akachukua nusu yake. Mwenzake akachukua nusu yangu na kunipiga bawa la uso.

Ishbel alicheka mpaka akakaa chini kwenye mchanga uliolowa. Alicheka machozi yakamtoka. Kisha akatoa biskuti ya shayiri kwenye kiatu chake, akaivunja kwa meno, akanipa kubwa. Akasema hajacheka hivi tangu Rab alipofariki. Akasema alidhani amesahau.

Nikamwomba radhi, nikamhakikishia kwamba safari nyingine nitakuja na kawa la kufunikia chakula. Alinitazama muda mrefu sana. Nadhani ilikuwa ile baridi.

Jumanne, 10 Juni

Nimeharibikiwa. Mabasi manne ya Portgarvie yalifika Kirkmuir jana, yakamkuta nani? Eck, peke yake, amekaa kwenye kiti cha kukunja akivizia fuko. Akawafungulia klabu. Akampigia simu mwenye bucha, zikaja soseji. Akachanganya timu, wakacheza matufe kutwa nzima, tena huku hakukunyesha hata tone. Wamemfanya mwanachama wao wa heshima. Picha yake iko gazetini, kafumbata kombe ambalo hata halikuwepo jana asubuhi.

La kuniua kabisa: klabu yetu inamshukuru kwa kufukuza fuko. Fuko wangu! Nimetaka kusema, nikameza.

Jumatano, 11 Juni

Kikao cha kamati. Safari imerudi kwa Eck, kumi na moja kwa sifuri. Mimi nilikuwa nimenyoosha mkono kuomba maji.

Nimetembea hadi nyumbani nikilia, ndiyo, mzee wa miaka sitini na mbili na pua inachuruzika barabarani. Safari si kitu. Nimempoteza Ishbel, ndilo lililoniuma. Nikamwambia Netta. Hakunitania, na hapo nikajua hali ni mbaya.

Alhamisi, 12 Juni

Ishbel kaja! Kasimama getini, hataki kuingia, viatu vina matope. Kasema Eck amemwalika Jumamosi kwenda baharini kwa gari lake, na meza ya chakula kashaagiza. Roho ikaniruka. Kasema amemkatalia. Kasema Eck ni mtu mwema lakini akiwa naye anajiona yuko kwenye ratiba.

Halafu akasema Jumamosi anataka kwenda Portgarvie na mimi, kwa basi la kawaida, wawili tu. Kwa sharti moja. Usipange kitu, Murdo. Hata kimoja. Uje wewe tu kama ulivyo. Nikaapa, mkono kifuani. Akanibusu shavuni, hapa, upande wa kushoto, mbele ya jirani. Nimeimba jikoni mpaka Netta kanirushia taulo.

Sijapanga kitu. Nimeliandikia tu barua baraza la mji wa Portgarvie, nikiwaomba kwa heshima zote Jumamosi wafunge maduka, baa na vyoo kama ilivyokuwa Jumatatu, na wasiwalishe shakwe kuanzia Ijumaa. Mvua nimewaachia wenyewe, ila nimedokeza kwamba saa saba ingefaa.