Kulabu ya Chumba cha Boila

Jumatatu, 29 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Vizuri sana! Wiki nne sasa tunashindana pale kazini, sisi wauza mbegu wa Omaha. Kila siku ya kazi uje kwa baiskeli, usaini karatasi iliyobandikwa kwenye friji. Ukikosa siku moja, umetoka. Tulianza kumi na mmoja. Upepo wa Aprili umewapukutisha. Tumebaki wawili: mimi, Delmar Stanek, na Arlene Kubicek wa uhasibu, mjane wa miaka sitini na mitatu asiyejua kuchoka. Mwisho ni Ijumaa.

Tuzo: kulabu ya chumba cha boila. Mwaka mzima baiskeli yako inaning'inia ndani, kwenye joto, wakati za wenzako zinaota kutu kwenye uzio. Naitaka kulabu ile kuliko nilivyotaka kuoa.

Mbinu ya leo: baiskeli ndani ya buti la gari, gari nyuma ya kanisa, mitaa mitatu kutoka kazini. Hapo ndipo nikapanda. Mtu ana haki ya kutumia akili.

Kasoro: dakika zile nne za kupanda, mvua ikapumzika. Nimefika mkavu! Arlene, aliyetoka nyumbani kwake kwa baiskeli kweli, ameingia anachuruzika. Akatazama viatu vyangu, akauliza nimepita njia gani. Nikasema nimepita katikati ya matone. Akafikiri kidogo, akasema lazima ni njia nzuri. Watu wa huku hawakwambii u mwongo, wanakupa chakula. Kanipa kolache, andazi la Kicheki lenye plamu. Tamu mno. Imenikera mpaka jioni.

Jumanne, 30 Aprili

Kasoro nimeirekebisha. Nyuma ya kanisa nimejimwagia ndoo nzima ya maji, utosi hadi nyayo. Nikapanda, nikaingia ofisini natiririka.

Jua kali! Tone halijaanguka tangu usiku. Nilishughulika na ndoo, sikutazama juu.

Bosi Wendell akauliza kulikoni. Jasho, nikasema. Akasema jasho lile lingeotesha ekari mbili za mahindi. Ofisi nzima hoi kwa kicheko. Arlene hakucheka, kaniletea taulo. Mwanamke hatari sana yule.

Jumatano, 1 Mei

Siku kubwa! Niandike kwa utaratibu.

Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, saa tano asubuhi, mji hujaribu ving'ora vya dhoruba. Hakuna anayeinua kichwa. Kelele ile ingemficha hata tembo akivunja mlango. Na Arlene hafungi baiskeli yake kwa kufuli, anaamini watu. Basi: king'ora kikilia, naichukua, naishusha ghala la chini, naificha nyuma ya magunia. Jioni atarudi kwa basi. Kesho hana cha kupanda. Ametoka!

Saa tano. King'ora. Wenzangu wanachapa tu. Nikachomoka. Anga ilikuwa na rangi ya jeraha bichi na upepo ulitaka kunivua shati, lakini sikuwa na nafasi ya mambo ya anga. Nikaishusha baiskeli, nikaifunika magunia matatu.

Mara kishindo juu ya paa. Kingine. Mia! Mvua ya mawe, kila jiwe yai la kuku. King'ora kilikuwa cha kweli! Siku ya dhoruba mji haufanyi majaribio, kila mtoto wa hapa anajua, na sisi watu wazima tulikaa kama viti. Wote wakaporomoka ngazini, wakanikuta nimeikumbatia baiskeli ya Arlene.

Nikajua nimekwisha.

Arlene akagusa usukani. Baiskeli ile aliiunda marehemu mumewe, Milo, kwa mikono yake, mwaka wake wa mwisho. Akasema polepole, "Delmar, umeiacha yako nje ukaja kuiokoa hii?"

Ukweli ulinifika kooni. Niliona aibu, aibu ya kweli, nusu dakika hivi. Nikasema, "Yangu ni chuma tu, Arlene."

Akalia. Wendell naye akalia. Wakasema mpaka magunia ya kuikinga nimekumbuka.

Yangu imekunjwa na tawi la mti. Gari nyuma ya kanisa halina kioo hata kimoja. Nimlilie nani? Gari lile halikuwepo pale.

Alhamisi, 2 Mei

Nimetoka mashindanoni. Sina baiskeli. Nilikuwa bado kitandani nikiomboleza, saa kumi na mbili, kengele ikalia. Arlene! Kaja juu ya baiskeli yake, na kwa mkono mmoja anaikokota nyingine pembeni, aliyokuwa akipanda Milo mwenyewe. Maili tano, upepo wa uso.

"Shika," akasema. "Mtu kama wewe hatolewi na tawi."

Nikakataa. Si sana. Tukaenda pamoja, yeye mbele anikinge upepo. Nilimruhusu.

Ijumaa, 3 Mei

USHINDI! Tulisaini wote wawili. Sare. Wendell akatia majina kwenye kofia, lakini kabla hajachota Arlene akasimama, akasema kulabu ni ya Delmar. Makofi! Nimeitundika baiskeli ya Milo kwa mikono yangu. Dirishani nikamwona Arlene akiifunga yake mfuko wa plastiki pale kwenye uzio. Ikanichoma moyo. Nikavuta pazia.

Wendell akauliza nilijuaje kuwa king'ora ni cha kweli. Nikasema nina pua ya hali ya hewa, nimeirithi kwa babu. Nilieleza dakika arobaini.

Baadaye Arlene akanivuta kando. Kesho saa nane mjukuu wake anaolewa, uani, wageni mia na ishirini. Wenye maturubai wanataka jibu leo, wayafunge au wayarudishe.

"Mimi nakuamini wewe," akasema. "Pua inasemaje?"

Hapo ndipo muungwana husema kweli. Nikatoka nje, nikanusa mara tatu, upande kwa upande. Nikamwambia arudishe maturubai.

Jumamosi, 4 Mei

Nimealikwa arusini, meza ya mbele. Suti nimeipiga pasi. Redio tangu asubuhi inapiga kelele: radi na mvua ya mawe, saa nane kamili.

Redio! Imeshinda kulabu ngapi?