Kidole cha Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Ukiniondoa mimi, mtaa huu unabaki mabati tu. Hata daktari leo kanitazama mara mbili. Kasema kisukari changu kimepanda: nijitoboe kidole kila asubuhi kabla ya kula, Ijumaa nimpelekee mashine. Namba zisiposhuka, ananianzishia sindano za insulini. Nikamweleza nilivyopambana na chui kwa bisibisi. Hakuandika.

Jumanne, 4 Machi
Mkono umechoka kwa kushona makochi ya watu. Nimeuhurumia, sikuutoboa. Wahenga walisema damu ni nzito kuliko maji. Hawakusema ya nani. Kaka wa mke wangu anakaa chumba cha uani. Fundi wa kuchomelea, kifua kama kabati, anajisifu hajawahi kumeza hata kidonge. Damu kama ile inapotea bure.

Jumatano, 5 Machi
Alfajiri nimemwambia shemeji kwamba wanaume wa siku hizi wanaogopa hata kijisindano. Sijamaliza, kidole hiki hapa. Mashine ikasoma kumi na nane. Ya mzima, asubuhi, hata saba haifiki. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikakumbuka: mtungi wa maji anaumaliza peke yake, usiku mlango wa choo haupumziki, mkanda kautoboa tundu jipya. Kicheko kikanikauka. Nikisema, nimejifunga. Nikinyamaza, mke wangu atampoteza kaka.

Alhamisi, 6 Machi
Nimesema. Nimemwambia mke wangu ugonjwa nimeusoma machoni mwa kaka yake, kwa kipaji tu. Akauliza kama ni kipaji hicho kilichomtoboa kidole.

Ijumaa, 7 Machi
Kliniki, sote watatu. Shemeji kakutwa na kisukari kweli. Daktari kasema tumemuwahi: vidonge, kutembea, nusu ya sahani iwe mboga, na maisha yataendelea vizuri tu. Mke wangu akanishika mkono mbele za watu. Shujaa!
Daktari akaifungua mashine yangu. Ndani namba moja tu, na mwenye damu yake kakaa pembeni anatabasamu. Akaniomba kidole changu. Nilipozinduka, miguu ilikuwa juu ya kiti. Nimesema ni joto. Daktari kaniongezea wiki ya kujipima.

Jumapili, 9 Machi
Shemeji anajitoboa mwenyewe huku akipiga mluzi. Nimemchemshia mchicha, nimemhimiza atembee, soda yake nimemnywea mimi. Mke wangu anadhani ni upendo. Sukari yake ishuke tu, kidole kile nitakiazima tena kabla ya Ijumaa.
Kule kliniki, kusema kweli, hakukuwa na joto. Feni ilikuwa inanipuliza usoni.